Chakula cha Fumie

Hakuna aliyetaka kukalia kiti cha pembeni pale kwa Wakuda. Mkahawa wenyewe ni mdogo, kaunta moja ya mbao na viti vichache, na mchana watu hupanga foleni uchochoroni na miavuli yao. Mtu wa Osaka hana mchezo na tumbo lake. Atavumilia nyumba inayovuja na bosi mwenye gubu, lakini mwambie angoje mvuani huku kiti kimoja kiko wazi, utayasikia maneno yake. Siku ile Inspekta Hamuro Chizuru alimsikia mhudumu akimwambia bwana wa kwanza kwenye foleni kwamba kiti cha ukutani kiko huru mpaka saa saba. Bwana yule alichungulia ndani, akakiona, akasema hapana, ataendelea kungoja. Wa nyuma yake akasema hivyo hivyo.

Kiti kilikuwa cha Fumie. Nchi nzima ilikuwa imekwisha kukijua kwa sababu televisheni ilikionyesha. Orihara Seiji, muuza vyombo vya mti kutoka Kanazawa, alizoea kuja Osaka na mkewe kila msimu wa mvua, wiki moja, kwa kazi moja tu ya kula. Wenzao wakija hupanda ngome na kupiga picha. Hawa walikuwa wakitoka kwenye tambi wanaingia kwenye pweza wa kukaanga, wakitoka kwenye pweza wanakwenda kulala ili kesho waamkie supu ya samaki mkunga. Mwaka huu, kabla wiki haijafika katikati, Fumie hakurudi hotelini. Mumewe alieleza kwamba waliachana kwenye lango la soko. Yeye alikwenda kununua gazeti, mkewe akaenda kununua mwani mkavu, na hapo ndipo alipomwona mwisho.

Tangu siku iliyofuata Orihara alikuwa akija kwa Wakuda kila mchana, anakaa kiti cha pili kutoka ukutani, analipia watu wawili, na kile cha ukutani kinaandaliwa chakula kamili: wali, bakuli la supu lenye mfuniko, sahani ya mboga, vijiti. Hayo si mambo mageni. Ukiwa na mtu wako aliye mbali, baharini au vitani au popote pale, unampakulia nyumbani ili huko aliko asilale na njaa, na wenyewe wanakiita chakula cha kivuli. Bibi zetu walifanya hivyo wakati wa vita. Mume aliyempoteza mkewe mjini anafanya hivyo kwenye mkahawa mkewe alioupenda, nani hatalia? Walilia kuanzia Hokkaido mpaka Okinawa.

Hamuro hakulia. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mnene kidogo, mpenda kula asiyeona haya, na kilichomkera ni kwamba hakuwa na kitu mkononi. Mkuu wake alikwisha kusema. Fumie ni mtu mzima, hakuna damu, hakuna maiti, na Orihara anarudi kwao kesho kwa treni ya jioni. Ikifika hapo bila jipya, jalada linahamia kwa wale wanaotoroka nyumba zao kwa hiari, na huko majalada hayafunguliwi tena. Na kila asubuhi simu ilikuwa ikilia mezani kwa Hamuro kutoka Kanazawa. Ni mama yake Fumie, Bi. Tsukuda Yae. Haulizi habari za upelelezi. Anauliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba sasa alie au asubiri. Hamuro alikuwa amechoka kumjibu asubiri.

Sajenti Munakata aliingia akikung'uta koti, akabanana naye kwenye kona. Alikuwa mtu wa Tokyo, na Hamuro hakuacha kumkumbusha.

"Yule mwanamke wa mwavuli wa njano," alisema Munakata. "Aliyedhaniwa ni Fumie, aliyeonekana stesheni akipanda treni ya Kobe na mwanamume mrefu."

"Umempata?"

"Nimempata. Ni mke wa daktari wa meno. Mwanamume mrefu siye daktari wa meno. Amenisihi mno, Afande."

"Basi uzi umekatika."

"Umekatika. Kwa maoni yangu huyu mama kaondoka zake tu. Na mume anampenda. Mtazame."

Orihara alikuwa ameingia. Mkahawa ulinyamaza, na Osaka mkahawa haunyamazi. Alikuwa mtu mwembamba, nadhifu, suti imepigwa pasi. Alisalimia kwa kuinama, akakaa, akakivuta kiti cha ukutani nyuma kidogo, kisha akakisogeza taratibu mbele, vile mtu anavyomsaidia mkewe kukaa. Mhudumu, mama mmoja anayeitwa Shigeno, alileta sinia mbili. Ile ya ukutani aliiweka kwa kunyoosha mkono, mwili wake ukiwa mbali.

Kisha Orihara akaanza kuzungumza. Hakuzungumza kama mtu anayeomba dua. Alisema mvua haikatiki. Akanyamaza muda wa kutosha mtu kujibu, akaitikia kwa kichwa. Akasema viatu vimemlowa. Akanyamaza tena, na safari hii akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetaniwa. Taa ya juu ya kaunta ilikuwa hafifu na nje mchana wenyewe ulikuwa wa kijivu, na Hamuro, ambaye alikwisha kukaa chumba kimoja na maiti nyingi bila kutetemeka, aligundua kwamba kila Orihara akinyamaza, naye anatega sikio. Jambo hilo halikumpendeza.

Aliona kitu kingine. Orihara hakuwa akikitazama kiti. Mtu anayemkumbuka mkewe angekitazama. Huyu alikula kichwa chini, na macho yake hayakuvuka ukingo wa sinia yake hata mara moja.

Alipomaliza aliinama tena, akalipa, akatoka. Watu wakaanza kupumua na kuagiza.

Hamuro alingoja mkahawa upungue, akamwita Shigeno kabla hajaiondoa sinia ya ukutani. Shigeno alikuwa na mengi, na aliyatoa yote kwa mkupuo. Alisema mto wa kiti kile unabonyea, na yeye huutikisa ukafura, na mchana ukifika unabonyea tena. Alisema mteja mmoja alinyoosha mkono kuchukua chumvi mbele ya kiti kile akahisi amezuiwa. Hamuro aliuliza mteja huyo alikuwa ameshakunywa bia ngapi, Shigeno akakiri kwamba zilikuwa nyingi. Lakini kulikuwa na jambo la mfuniko.

"Wazee wanasema ukifunua bakuli la aliye safarini, mfuniko ukiwa na matone ya jasho kwa ndani, yuko salama," alisema. "Supu naileta inafuka moshi, Inspekta. Mimi mwenyewe nafunika. Nikija kuondoa, mfuniko mkavu. Kila siku mkavu. Nimeacha kuwaambia wenzangu."

Munakata alisema labda supu yenyewe inapoa. Shigeno alimwambia aende kuifunika mwenyewe kesho aone.

Hamuro aliufunua mfuniko. Ulikuwa mkavu. Alilinyanyua bakuli kwa mikono miwili, akalileta puani, akanywa.

"Mama yangu," Shigeno alinong'ona. "Chakula cha watu hicho."

Hamuro aliizungusha supu mdomoni. Akanywa tena. Kisha akaliweka bakuli chini na kuingia jikoni bila kubisha hodi.

Wakuda alikuwa akinoa kisu. Ni mpishi mwenye mabega mapana na hasira za karibu, na alipoulizwa kuhusu supu ya kiti cha ukutani, hasira zilifika mara moja. Supu ya Osaka, alisema, ni mwani na samaki mkavu aliyerandwa, na asiyejua hivyo arudi Tokyo. Munakata alitazama dari. Lakini Orihara alimwomba ile ya mkewe itengenezwe kwa mwani peke yake. Samaki asiguse sufuria, asiguse mboga, asiguse hata kisu cha kukatia mboga. Wakuda alidhani mama yule samaki wanamdhuru, akanyamaza kwa heshima ya msiba wa mtu.

"Lakini mama huyu amekuja hapa miaka yote," alisema Hamuro. "Alikuwa akila nini?"

Kisu kikasimama. Wakuda alikuwa mtu wa kukumbuka midomo, si sura. Alisema mama yule alikuwa akila kichwa cha changu mpaka macho, na supu ya mkunga anaagiza bakuli la pili kabla hajamaliza la kwanza. Mumewe alikuwa akimkanya kwamba watu wanatazama, naye anamwambia waache watazame, mwaka mzima anakula kimya Kanazawa.

"Sasa hilo la mwani peke yake alikuomba lini?"

"Siku ya kwanza alipokuja peke yake."

"Siku moja tu baada ya mkewe kupotea."

"Ndiyo. Alisema mkewe atarudi wakati wowote." Wakuda alisikia maneno yake mwenyewe, akakitazama kisu, akakiweka mezani.

Nje, chini ya mwavuli mmoja, Munakata alitaka aelezwe, ingawa alikuwa ameshaelewa na uso ulikuwa umembadilika. Hamuro alimweleza hata hivyo, maana maneno kama hayo lazima yasemwe na mtu. Mume wake yeye Hamuro alikufa msimu wa baridi uliopita. Kwa siku arobaini na tisa, wakati marehemu bado yuko njiani hajafika anakokwenda, alimpikia kila siku mbele ya picha yake, na kwa desturi ya msiba, siku zote hizo nyama na samaki havikuingia kwenye bakuli lake, wala kwenye supu. Alijua ladha ya supu ya mwani peke yake kama anavyojua mlango wa nyumba yake. Aliye safarini unampa anachokipenda ili arudi haraka. Bakuli lisilo na samaki ni la maiti.

"Anamwambia kila mtu kwamba mkewe yu hai," alisema Hamuro, "na anamlisha chakula cha aliyekufa. Tangu siku ya kwanza."

Munakata alifikiri. "Mwendesha mashtaka atatufukuza ofisini, Afande. Tumkamate mtu kwa supu?"

"Hatumkamati. Tunamwalika chakula."

Siku ya pili mvua ilikuwa ile ile. Orihara alikuja na sanduku lake la safari, akaliegemeza ukutani, akavuta kile kiti na kukisogeza. Hamuro alikuwa amekaa kiti cha tatu, ubavuni pake. Munakata alisimama mlangoni. Foleni ya nje haikujua kitu, lakini ndani Wakuda hakuwa akikata wala kukaanga, na jikoni pakinyamaza wateja huhisi.

Shigeno alileta sinia mbili. Alipoziweka, bakuli liligongana na sahani.

"Leo ndiyo mwisho, Fumie," alianza Orihara. "Treni ni ya..."

Hakumaliza. Pua yake ilikuwa imetangulia. Samaki mkavu ana harufu ya moshi, na mfuniko haumzuii. Orihara aligeuka kutazama bakuli la mkewe, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza Hamuro kumwona akitazama upande ule.

"Hii siyo yake," alisema.

"Ni yake," Wakuda alijibu kutoka nyuma ya kaunta. "Supu ya mkunga. Ndiyo aliyokuwa akiagiza kila mwaka."

"Niliomba isiwe na samaki."

"Kwa nini, Bwana Orihara?" Hamuro aliuliza kwa upole, na kwa kweli alikuwa mpole, maana hofu ya mtu yule ilianza kumwingia naye. "Anamdhuru?"

"Tumbo lake halikuwa zuri siku hizi."

"Siku hizi zipi? Siku moja kabla hajapotea mlikula pweza mara mbili. Wahudumu wanawakumbuka."

"Naomba iondolewe."

"Mfunulie tu. Yuko safarini, ana njaa. Supu itapoa."

Orihara alipeleka mkono kwenye mfuniko. Vidole viliugusa, havikuuinua. Jasho lilikuwa likimtiririka kutoka nyweleni, na mkahawa haukuwa na joto. Hakumtazama Hamuro. Alikuwa akitazama juu ya kiti cha ukutani, mahali ambapo uso wa mtu aliyekaa ungekuwa, na midomo yake ilikuwa ikitikisika.

"Ondoeni," alisema. "Atakasirika. Hawezi kula hiki."

"Kwa nini hawezi?"

"Siku zake hazijaisha."

Mteja wa mwisho kwenye kaunta alikuwa ameshika vijiti hewani. Orihara mwenyewe alichelewa kusikia alichosema, na alipokisikia hakujaribu kukirudisha. Mabega yalimshuka. Hamuro alimwona akipumua vizuri, pengine kwa mara ya kwanza tangu afike mkahawani humo.

"Siku zake za nini, Bwana Orihara?"

Alisema. Hawakuachana sokoni. Asubuhi ile walipanda treni kwenda mlima wa kaskazini, kwenye maporomoko ya maji, kwa sababu Fumie alitaka kula yale majani mekundu yanayokaangwa kwa unga huko njiani. Alinunua mfuko akawa anakula huku wanatembea. Na akiwa anakula, bila kugombana, alimwambia mumewe kwamba mwaka huu harudi Kanazawa. Ameshachukua chumba. Seiji arudi peke yake. Alisema hivyo akiwa na unga mdomoni, alieleza Orihara, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba hakuona haja hata ya kumeza kwanza. Orihara alimsukuma mara moja. Akaanguka chini ya daraja la zamani, kwenye njia iliyofungwa.

"Na chakula?" Hamuro aliuliza. "Kwa nini ulimwandalia?"

"Kwa sababu alikuja." Orihara alisema hivyo kama mtu anayeeleza jambo la kawaida. "Usiku ule ule alisimama mguuni pa kitanda. Nilifikiri amekuja kwa ajili yangu. Nikalala chini kifudifudi nikamwomba radhi. Hakunisikiliza. Asubuhi akanifuata barabarani mpaka hapa. Kila siku ananifuata mpaka hapa. Hanitazami, Inspekta. Hajanitazama hata mara moja. Anatazama jikoni."

Shigeno aliweka mkono mdomoni. Hamuro alijizuia asigeuke ukutani.

"Nilimlisha ili abaki huku," alisema Orihara. "Nilidhani akishiba, hatapanda treni na mimi."

Munakata alimchukua. Hakukuwa na pingu wala purukushani. Orihara alitembea mbele yake kwa haraka kidogo, na kwenye mlango foleni ilimpisha kwa heshima, mama mmoja akamwambia pole, atarudi tu mkeo. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumsahihisha yule mama.

Alasiri Munakata alipiga simu kutoka mlimani. Sauti yake ilikuwa ikikatwa na maji ya maporomoko. Wamempata, alisema, chini ya daraja, mahali hasa Orihara alipopataja. Alisema pia kwamba mfuko wa majani ya kukaanga ulikuwa mkononi mwake bado, na Hamuro akamwambia apumzike, hahitaji kusema zaidi.

Kazi iliyobaki haikuwa ya Munakata. Hamuro alikaa mezani kwake mpaka ofisi zikaanza kuwasha taa, akapanga maneno, akayapangua. Kuna maneno ya kiofisi ya kumwambia mzazi, na yote alikuwa ameshayatumia kwa wazazi wengine, na leo kila moja lilimkwama. Alipiga namba ya Kanazawa. Iliitikiwa kabla haijalia mara ya pili.

"Inspekta," alisema Bi. Yae, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na uchangamfu. Alisema leo amepata changu mzuri sokoni, macho yake maangavu, na amemchoma kwa chumvi anavyopenda Fumie, yaani mzima na kichwa chake. Tangu mtoto apotee anampakulia kila jioni, hakutaka kumwambia mtu, watu watamcheka. "Nisubiri kidogo kwenye simu, mwanangu. Namwekea kwanza, kisha tuongee."

Hamuro alifumba macho.

"Mama," alisema. "Leo usimwekee samaki."

Mvua ya Kanazawa ilisikika kwenye simu, na baada ya muda mrefu Hamuro akasikia sahani ikiinuliwa polepole kutoka mezani.